Sauti ya Ugogo si Mzigo wa Ukoo Mmoja

Msafiri wa Reli ya Kati atokaye pwani, akifika Gulwe, wilayani Mpwapwa, huwa amekwisha kuingia Ugogo. Katika nchi hiyo ya ukame na mifugo, mwimbaji haimbi peke yake. Mmoja huanza, wenzake hupokea, huyu kwa sauti ya juu, yule kwa sauti ya chini, hata kundi zima likawa kama chombo kimoja. Marehemu Hukwe Zawose alilelewa katika sanaa hiyo.

Alizaliwa mnamo 1938 katika kijiji cha Doda, mkoani Dodoma. Alikuwa bingwa wa ilimba na zeze, na koo lake lilimudu sauti nzito na nyembamba kwa namna ya ajabu. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa, kwani ukoloni ulikuwa umetufundisha kuzionea haya ngoma zetu. Katika miaka hiyo ya 1960 Zawose aliitwa Dar es Salaam, na baadaye akafundisha Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981. Akiwa na jamaa zake aliimba Ulaya kwa lugha ya kwao, na santuri yake, Tanzania Yetu, ilitolewa Uingereza mwaka 1985. Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba, 2003.

Ndugu zetu wa Visiwani wanaijua habari ya namna hii. Siti binti Saad wa Fumba alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili, akafariki mwaka 1950. Lakini taarabu haikudumu kwa santuri pekee. Ilidumu kwa sababu vikundi vya Unguja viliendelea kukutana na kurithishana, na mwaka 2002 kikafunguliwa chuo cha muziki.

Hapo ndipo lilipo funzo. Santuri huhifadhi sauti ya marehemu, ila haimfundishi kijana wakati wa kupokea wala wa kunyamaza. Elimu hiyo hukaa ndani ya kundi, na kundi likivunjika hupotea. Ukoo wa Zawose ungali ukiimba, nasi tunaupongeza. Lakini urithi wa taifa haubebwi na ukoo mmoja. Maofisa utamaduni wawaingize wazee wa Ugogo madarasani, na wawalipe kama walimu, maana ni walimu kweli. Hiyo ndiyo heshima inayomstahili marehemu.