Alizaliwa nchi kavu, akamsaka samaki mmoja miaka 14: Huyu ndiye J.L.B. Smith

Mtu wa Singida akitaka kuiona bahari, ajiandae na safari ya basi ya karibu kilomita 700 hadi Dar es Salaam. Sasa huyu jamaa naye alizaliwa bara, kwenye nchi kame ya Karoo, Afrika Kusini, lakini akaja kuwa bingwa wa samaki wa Bahari ya Hindi.

Ni James Leonard Brierley Smith, mzaliwa wa Graaff-Reinet, mwaka 1897.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilimleta Afrika Mashariki akiwa askari. Aliondoka na malaria na kuhara damu, na afya yake haikurudi tena kama zamani.

Kazi yake ilikuwa kufundisha kemia chuoni Grahamstown. Samaki alikuwa anawapenda tu, kama mvuvi wa ndoano.

Desemba 1938 mambo yakabadilika. Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji wa East London aliona samaki wa ajabu kwenye meli ya uvuvi, akamchora na kumtumia Smith mchoro. Alikuwa silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita!

Shida ni kwamba viungo vya ndani vilishatupwa. Ilibidi apatikane mwingine.

Smith na mkewe Margaret wakazunguka kwenye matumbawe ya Msumbiji, Kenya na Zanzibar wakiorodhesha samaki, huku wakigawa vipeperushi vyenye picha ya silikanti na zawadi ya pauni 100. Zama hizo walikusanya samaki hata kwa baruti, kitu ambacho leo Tanzania ni kosa la jinai.

Desemba 1952 mvuvi Ahamadi Abdallah akamvua silikanti huko Anjouan, Komoro. Mwalimu mmoja akamtambua kutokana na kipeperushi, na nahodha Eric Hunt akampigia Smith simu ya maandishi. Smith akamwomba Waziri Mkuu D.F. Malan ndege ya jeshi, akapewa, akaruka.

Kumbe wavuvi wa Komoro walikuwa wanamjua samaki huyo siku zote, wakimwita gombessa. Aliyepotea alikuwa wa kwenye vitabu tu.

Mwaka 1954 Smith alifika Aldabra, kisiwa cha matumbawe kilicho mbali kabisa baharini, kuorodhesha samaki wa huko. Alifariki Januari 1968. Margaret akaendeleza taasisi ya samaki, ambayo hadi leo ipo.

Na huku kwetu? Kuanzia mwaka 2003 silikanti wamekuwa wakinaswa kwenye nyavu za wavuvi wa Tanzania, hasa Tanga, na tangu 2009 Tanga ina hifadhi ya bahari yenye jina la samaki huyo. Safari hii pia, waliotangulia kumwona ni wavuvi.