Mtawa aliyepinga vita, kisha akaenda vitani

Wiki hii siasa nimeziweka pembeni kidogo. Kijiweni kwetu tulibishana mpaka jua likazama: hivi mtu wa dini anayewekwa jeshini, kazi yake hasa ni nini? Kumtuliza askari roho, au kumpa moyo wa kwenda kuua? Mimi sikuwa na jibu. Nikaingia kusoma, nikakutana na mtawa mmoja wa Kijapani, Shaku Soen. Tangu siku hiyo hanitoki kichwani.

Soen alizaliwa mwaka 1860 huko Takahama, pwani ya Bahari ya Japani. Aliingia utawani bado mtoto. Mwalimu wake mkubwa alikuwa Imakita Kosen, mkuu wa hekalu la Engaku-ji mjini Kamakura. Hapo ndipo alipoiva katika Zen, tawi la Ubudha ambalo nguzo yake ni kukaa kimya na kutafakari. Unakunja miguu, unanyoosha mgongo, unafuata pumzi yako. Mawazo yanakuja, yanapita, wewe hubanduki.

Hekalu lenyewe lina historia. Lilianzishwa mwaka 1282, baada ya Wajapani kuwarudisha nyuma Wamongolia, na moja ya kazi zake ilikuwa kuwaombea waliokufa katika vita vile, wa pande zote mbili. Yaani hadi adui.

Jamaa hakuwa mtawa wa kujifungia. Alisoma Keio, shule ya elimu ya kizungu, halafu mwaka 1887 akapanda meli kwenda Ceylon, ambayo siku hizi ni Sri Lanka, kuishi na watawa wa kule na kujifunza Ubudha wao. Mwaka 1892 mwalimu wake akafariki, na Soen akakabidhiwa hekalu akiwa na miaka 32 tu.

Mwaka uliofuata, 1893, alikwenda Chicago kwenye mkutano mkubwa wa dini za dunia. Hotuba zake zilisomwa kwa Kiingereza. Moja ilieleza sheria ya chanzo na matokeo. Nyingine ilihusu vita: mataifa yakigombana yaende kwa msuluhishi, yasikimbilie mizinga. Mpaka hapo, mzee wa watu safi kabisa.

Sasa sogea miaka 11 mbele. Februari 1904 Japani na Urusi zikaingia vitani, zikigombea Manchuria na Korea. Soen naye akaenda. Hakubeba bunduki. Aliambatana na Divisheni ya Kwanza kama mhudumu wa kiroho, sisi tungesema padri wa jeshi. Kwa maelezo yake mwenyewe, alitaka kuona kwa macho yake vita ni kitu gani, na pia alitaka kuwatia askari imani, waingie uwanjani wakiamini kazi yao ni kubwa na tukufu.

Mwezi Mei yakatokea mapigano ya kilima cha Nanshan. Warusi walikuwa juu, wamejichimbia, mbele yao seng'enge na bunduki za rashasha. Wajapani wakapanda wimbi baada ya wimbi. Kilima walikichukua, lakini upande wao peke yake waliouawa na kujeruhiwa walizidi 4,000. Soen aliyaona hayo na akayaandika.

Mwaka huohuo Leo Tolstoy, yule mwandishi mkubwa wa Urusi, alimwandikia barua. Tolstoy mwenyewe aliwahi kuwa ofisa wa mizinga kwenye vita vya Crimea, kwa hiyo alijua anachosema. Alimwomba waungane, Mrusi na Mjapani, Mkristo na Mbudha, wavilaani vita vile kwa sauti moja. Soen akakataa. Hoja yake ilikuwa kwamba Buddha alikataza kuua, ndiyo, lakini njia ya kuelekea kwenye amani ya viumbe wote wakati mwingine hupita vitani.

Jamani, hapo nilifunga kitabu kwanza. Huyu si ndiye wa Chicago?

Baadaye aliugua akarudi nyumbani. Mwaka 1905 akaenda tena Marekani, akafundisha Zen kwenye nyumba ya familia moja karibu na San Francisco, na mwaka 1906 mahubiri yake yakatoka kitabu. Mfasiri wake alikuwa mwanafunzi wake D. T. Suzuki, ambaye baadaye aliwafanya wazungu wengi waijue Zen. Mwaka 1916 Soen aliongoza mazishi ya mwandishi Natsume Soseki, aliyewahi kwenda kukaa chini yake Engaku-ji. Naye akafariki mwaka 1919.

Japani iliendelea kupigana mpaka 1945, na viongozi wengi wa Zen waliunga mkono. Ilipofika 2001, tawi kubwa la Zen la Myoshin-ji liliomba radhi hadharani.

Siku hizi kuna majeshi yanayofundisha askari kutafakari, na Marekani ilipata mhudumu wa kiroho wa kwanza wa Kibudha jeshini mwaka 2004. Sipingi. Kijana aliyeona mwenzake akilipuliwa anahitaji mtu wa kukaa naye. Ila tusijidanganye: pumzi ikitulia na mkono unatulia, na mkono uliotulia unaweza kufunga kidonda au kulenga shabaha.

Kwa maoni yangu, kosa la Soen halikuwa kwenda. Wale vijana wa Nanshan walistahili kuwa na mtu wa kuwashika mkono. Kosa ni kuwaambia kwamba wanachokwenda kufanya ni kitukufu, wakati hekalu lake mwenyewe lilijengwa kuwaombea hata maadui.

Huo ni mtazamo wangu. Wewe mdau, ungekuwa Soen, barua ya Tolstoy ungeijibu vipi? Uwanja ni wenu.