Erich Mende na mawaziri watano wenye waliachia viti

Chama kidogo chenye kiko ndani ya serkali ya chama kikubwa kinakuwa na shida moja isiyokuwa na dawa rahisi. Mkubwa akiharibu, mdogo naye anachafuka. Akitoka, anapoteza viti na nguvu ya kuamua. Akibaki, raia wanasema ameuza sauti yao. Wakaaji wa mashariki mwa Congo wameona miungano ya vyama ikijengwa na kubomolewa kule Kinshasa, basi jambo hilo si geni kwao. Mwaka 1962, katika Ujermani ya Magharibi, kiongozi mmoja wa chama kidogo alilazimika kuchagua ndani ya majuma machache tu, nchi nzima ikimwangalia. Jina lake Erich Mende.

Alizaliwa tarehe 28 mwezi wa kumi 1916 katika muji wa Groß Strehlitz, kwenye jimbo la Silesia, pahali penye leo ni Poland. Aliingia jeshi akingali kijana, akapigana vita vya pili vya dunia mpaka mwisho, akatoka na cheo cha meja na nishani kubwa ya jeshi yenye baadaye hakuona haya kuivaa mbele ya watu. Vita ilipoisha, kwao kulikuwa kumeshachukuliwa na hapakuwa tena pa kurudia. Akasoma sheria, akapata udaktari wake, na mwaka 1949 akaingia Bunge la kwanza la Ujermani mpya, kule Bonn. Alikaa ndani ya Bunge hilo miaka 31. Alikuwa mtu wa kuvaa vizuri, nywele zimechanwa sawasawa, na wenzake walimtania sana juu ya uzuri wake.

Chama chake, FDP, kilikuwa chama cha waliberali: wafanyabiashara, wanganga, mawakili, watu wa mali ya katikati. Hakikuwa kikubwa hata siku moja. Pembeni yake kulikuwa majitu mawili, CDU ya wakristo na SPD ya wasosialisti. Sheria ilisema chama chenye hakipati 5% ya sauti katika nchi nzima kinaweza kukosa kiti hata kimoja. Kwa hiyo kila uchaguzi kwa FDP ulikuwa jambo la kuishi ao kufa.

Ili kuelewa woga wa Mende mwaka 1962, lazima kurudi nyuma miaka sita. Mwaka 1956 FDP iligombana na kansela Konrad Adenauer (kansela ni kama waziri mkuu, na kule ndiye mwenye nguvu, si raisi). Ugomvi ulikuwa juu ya sheria ya uchaguzi yenye ingemaliza vyama vidogo. Chama kikaamua kuachana naye. Lakini mawaziri wote wane wa FDP walikataa kutoka. Walibaki na viti vyao, wakavuta wabunge wengine, jumla watu 16, wakaunda chama chao kipya na kuendelea na Adenauer. Chama hicho kipya hakikufika mbali, mwaka uliofuata kilimezwa na kingine. Ila FDP ilibaki na kidonda: kumbe chama kinaweza kuamua kutoka serkalini, na mawaziri wake wakasema wao hawaendi popote.

Mende alichukua uongozi wa chama mwaka 1960. Mwaka uliofuata kulikuwa uchaguzi. Adenauer alikuwa na umri wa miaka 85, na Wajermani walimwita tu Muzee. Alikuwa ametawala tangu 1949. Mwezi wa nane 1961 ukuta ulijengwa katikati ya Berlin, na watu wengi waliona Muzee alichelewa hata kwenda kuangalia. Mende akafanya kampeni kwa ahadi moja iliyo wazi: FDP itatawala pamoja na CDU, lakini si pamoja na Adenauer. Raia walimsikia. Tarehe 17 mwezi wa kenda 1961, FDP ilipata 12.8%, wabunge 67, na CDU ikapoteza wingi wake wa peke yake.

Halafu? Halafu majadiliano yakaanza, yakadumu majuma mengi, na mwishoni Adenauer akachaguliwa tena kansela, na sauti za FDP ndani. Alitoa ahadi kwamba ataondoka kabla ya uchaguzi wa 1965. FDP ikapata mawaziri watano. Mende mwenyewe alikataa kuingia serkalini, ili angalau yeye asionekane amekula neno lake. Haikusaidia sana. Magazeti na watu wa barabarani walikipa chama jina la kuuma, lenye maana ya wale wenye kusukumwa kidogo tu wakaanguka. Jina hilo lilishikamana na FDP kwa miaka.

Ndiyo hali aliyokuwa nayo Mende kashfa ilipofika.

Mwezi wa kumi 1962 gazeti la juma la *Der Spiegel*, la Hamburg, liliandika juu ya mazoezi ya majeshi ya OTAN na kuonyesha kwamba jeshi la Ujermani halikuwa tayari kulinda nchi vizuri. Waziri wa ulinzi, Franz Josef Strauss, alikuwa mtu wa nguvu wa Bavaria, kiongozi wa CSU, ndugu ya CDU. Yeye na gazeti hilo walikuwa maadui tangu zamani. Usiku wa tarehe 26 mwezi wa kumi, wakati dunia yote ilikuwa inatetemeka juu ya makombora ya Cuba, polisi waliingia ofisi za gazeti Hamburg na Bonn. Wakapekua, wakafunga milango. Mwenye gazeti, Rudolf Augstein, alifungwa siku 103. Mwandishi wa ile habari, Conrad Ahlers, alikuwa Espanya kwenye mapumziko na bibi yake. Alikamatwa kule usiku, na polisi ya Franco, dikteta.

Polisi ya Espanya ilijulishwa na nani? Hapo ndipo kashfa ilikuwa. Strauss alisema kwanza kwamba yeye hana mukono ndani ya mambo hayo. Na kulikuwa jambo lingine, lenye liliuma FDP moja kwa moja. Waziri wa sheria, Wolfgang Stammberger, alikuwa wa FDP. Kazi kama hiyo ya polisi na waendesha mashitaka haiwezi kufanyika bila wizara yake. Lakini yeye hakuambiwa kitu. Wakubwa wa chini yake walijua, wakaamriwa wanyamaze. Waziri alijua mambo ya wizara yake kisha kila kitu kufanyika.

Stammberger akataka kuachia kiti mara moja. Na hapa Mende hakukimbia. Wengine walimlaumu kwa hilo, lakini mtu akiangalia hesabu yake anaelewa. Kutoka serkalini wakati wa Cuba, wakati vita ya atomiki ilionekana karibu, wapinzani wangeita uhaini. Adenauer mwenyewe alisimama mbungeni akasema nchi ina shimo kubwa la usaliti, hata kabla ya tribinali kusikiliza mtu. Tena kulikuwa kidonda cha 1956: wakitoka, je, mawaziri wote watano watatoka kweli? Na nyuma ya yote, CDU ilikuwa inaweza kugeuka na kuungana na SPD, wakabadilisha sheria ya uchaguzi, na FDP ikafutwa kabisa.

Basi kwanza walijaribu njia ya katikati. FDP ilidai wakubwa wawili wa wizara, mmoja wa sheria na mmoja wa ulinzi, watolewe, na ikakubali kuendelea. Kwa siku chache ilionekana imepita. Watu wakaanza tena kucheka na lile jina la wenye kuanguka.

Lakini kuanzia tarehe 7 mpaka 9 mwezi wa kumi na moja, Bunge liliuliza maswali siku tatu. SPD iliuliza, Strauss akajibu, akajigeuza, akaulizwa tena. Mwishoni alikubali kwamba ni yeye mwenyewe alizungumza kwa simu, usiku ule, na mwakilishi wa jeshi la Ujermani kule Madrid. Basi waziri alikuwa amedanganya Bunge. Tangu hapo neno halikuwa tena juu ya gazeti wala juu ya siri za jeshi. Lilikuwa juu ya waziri mwenye kusema uongo mbele ya wabunge, na washirika wake kukaa naye meza moja.

Sasa Mende alikuwa na chama nyuma yake, na hilo ndilo alilolingojea. Tarehe 19 mwezi wa kumi na moja 1962, mawaziri wote watano wa FDP waliachia viti: Stammberger wa sheria, Heinz Starke wa feza, Walter Scheel, Wolfgang Mischnick na Hans Lenz. Hakuna hata mmoja aliyebaki. Kidonda cha 1956 hakikurudia. Sharti lao lilikuwa moja tu na lilieleweka na kila mtu: watarudi kama Strauss hayuko. Hawakusema serkali ife, walitaja mtu mmoja.

Adenauer hakuwa mtu wa kutishwa kirahisi. Mawaziri wa chama chake nao waliweka viti vyao mikononi mwake ili aunde serkali upya. Tarehe 25 kukawa uchaguzi Bavaria, na chama cha Strauss kikashinda vizuri kabisa, jambo lenye linaonyesha kwamba kashfa yenye inachoma Bonn haichomi lazima kijijini. Pamoja na hayo, siku tano baadaye Strauss alitangaza kwamba hataingia serkali mpya.

Mende angeweza kufurahi, lakini Muzee alikuwa na karata ingine. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili watu wake walianza kuzungumza na SPD, na juu ya meza ilikuwa ile sheria ya uchaguzi. Siku zile FDP iliona kaburi lake. Ilikuwa imetoka kwa heshima na sasa ilikuwa karibu kufungiwa inje daima. Chenye kiliiokoa si akili ya Mende. SPD haikuwa tayari kumkubali Adenauer hivi hivi wala ile sheria, na mazungumzo yakakufa.

Katikati ya mwezi ule serkali mpya ilitangazwa, na FDP ndani. Faida ilikuwa mbili: Strauss hayuko, na Adenauer ameahidi sasa kuondoka mwaka 1963, bila kungojea 1965. Hasara ilikuwa moja, yenye haizungumzwi sana. Stammberger, waziri mwenye kudharauliwa, yeye hakurudi kwenye kiti chake. Kiti cha sheria kilipewa mwingine wa FDP. Mwaka 1964 Stammberger alihama akaenda SPD.

Muzee alitimiza ahadi. Aliondoka mwezi wa kumi 1963, na Ludwig Erhard akachukua nafasi. Sasa Mende alikubali kuingia serkalini, akiwa makamu wa kansela na waziri mwenye kushugulikia mambo ya Ujermani mbili. Krismasi ya mwaka ule wakaaji wa Berlin ya Magharibi waliruhusiwa kwa mara ya kwanza tangu ukuta kujengwa kuvuka na kuwaona jamaa zao. Ilikuwa miaka yake mizuri. Tribinali kuu, mwaka 1965, ilikataa hata kufungua kesi dhidi ya Augstein na Ahlers.

Mwaka 1966 swali lilirudi, bila kashfa safari hii. Bajeti ya serkali ilikuwa na tobo, Erhard alitaka mlango wa kupandisha kodi ubaki wazi, na FDP ilikuwa imeahidi watu wake kinyume. Mwisho wa mwezi wa kumi Mende na wenzake watatu waliachia viti. Walifikiri pengine itakuwa kama 1962: unatoka, wanakubembeleza, unarudi na masharti. Lakini hakuna aliyewabembeleza. CDU na SPD waliungana kweli, chini ya Kurt Georg Kiesinger, na FDP ikajikuta upinzani na wabunge 49 peke yake mbele ya Bunge zima. Ndani ya serkali hiyo mpya, Strauss alirudi kuwa waziri wa feza. Na Conrad Ahlers, yule mwandishi mwenye alikamatwa usiku Espanya, akawa naibu wa msemaji wa serkali hiyo hiyo. Siasa inapenda michezo kama hiyo.

Mapema mwaka 1968 Scheel alichukua uongozi wa FDP, na kufikia 1969 chama kilienda upande wa kushoto, kikaungana na Willy Brandt wa SPD. Mende, mtu wa Silesia, hakuweza kumeza siasa ya Brandt ya kukubali mipaka mipya ya mashariki. Mwezi wa kumi 1970 alikiacha chama alichokiongoza miaka minane, akaingia CDU. Starke, mmoja wa wale watano wa 1962, alitoka naye. Wenzake wa zamani waliona ni usaliti, yeye aliona ni wao wamehama.

Alibaki mbungeni mpaka 1980, kisha akaandika kumbukumbu zake. Alikufa Bonn tarehe 6 mwezi wa tano 1998. Siku ile FDP ilikuwa tena serkalini, mshirika mdogo wa CDU chini ya Helmut Kohl, na uchaguzi wenye ungeiondoa ulikuwa umebakiza miezi minne hivi.