WASIFU WA PERCY BRIDGMAN, BINGWA WA SHINIKIZO

Mtahiniwa, umefundishwa kwamba maji huganda yanapopozwa hadi nyuzi 0. Sasa fikiria maji yanayoganda katika joto la kawaida la darasa lako, bila kupozwa hata kidogo, kwa kuminywa tu. Huhitaji friji. Unahitaji shinikizo linalokaribia mara 10,000 ya lile la hewa. Aliyeonyesha jambo hilo ni mwanafizikia wa Marekani, Percy Williams Bridgman.

Alizaliwa tarehe 21 Aprili 1882 katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts. Mwaka 1900 alijiunga na Chuo Kikuu cha Harvard, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1908, akafundisha hapohapo hadi alipostaafu mwaka 1954. Ukitazama vituo vya maisha yake, ni safari fupi sana. Mambo yenyewe yalitokea karakanani.

Alipoanza utafiti, wataalamu walikuwa wakikwama karibu na mara 3,000 za shinikizo la hewa. Tatizo halikuwa chuma. Tatizo lilikuwa kizibo: kimiminika kilivuja pembeni mwake. Kifaa cha Bridgman kilipoharibika, naye akisubiri kipuri, alibuni kizibo cha namna nyingine. Kumbuka kwamba shinikizo ni kani ikigawanywa kwa eneo. Alipanga vipande vyake ili kani yote ya kimiminika iangukie pete laini yenye eneo dogo kuliko lile lililosukumwa. Kwa hiyo shinikizo ndani ya pete lilizidi la kimiminika wakati wote, na kadiri alivyominya, ndivyo pete ilivyojibana. Baadaye alifika mara 100,000, na katika majaribio machache mara 400,000.

Akaminya karibu kila alichokipata. Mwaka 1914 fosforasi nyeupe, ile inayoweza kuwaka yenyewe hewani, iligeuka mikononi mwake kuwa fosforasi nyeusi inayopitisha umeme, na ikabaki nyeusi hata shinikizo lilipoondolewa. Katika miaka ya 1920 aliminya metali iitwayo seriamu. Ilipofika mara elfu saba au nane, ilisinyaa ghafla kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya ujazo wake, ilhali mpangilio wa atomu zake ulibaki uleule. Shika habari hiyo ya seriamu, tutairudia.

Mwaka 1939 alitangaza kwamba hatawaonyesha vifaa vyake, wala kujadili majaribio yake, na raia wa nchi za kidikteta. Wapo waliomlaumu, kwani sayansi huendelea kwa kushirikiana. Mimi naona alikuwa na hoja: hakutaka maarifa yake yawe silaha ya madhalimu. Hata hivyo, wakati wa vita yeye mwenyewe alipima jinsi urani na plutoni zinavyominyika, kazi iliyohusu bomu la atomu la Marekani. Pima mwenyewe. Mwaka 1946 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Alifariki tarehe 20 Agosti 1961 huko Randolph, New Hampshire, akiwa anaugua saratani.

Seriamu haikuzikwa naye. Mwaka 1979 Frank Steglich na wenzake, nchini Ujerumani, waligundua kwamba mchanganyiko wa seriamu, shaba na silikoni, ukipozwa hadi karibu sana na sifuri halisi, hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Elektroni zake huenda kana kwamba ni nzito mara mamia kuliko kawaida, ndiyo maana vitu vya aina hii huitwa vya fermioni nzito. Ndani yake mna mvutano. Kila atomu ya seriamu ina elektroni moja inayofanya kazi kama sumaku ndogo. Atomu zikiwa mbali kidogo, sumaku hizo hujipanga kwa zamu, moja juu, moja chini. Zikisogezwa karibu, elektroni hizo hujichanganya na zile zinazobeba umeme, na mpangilio wa sumaku hudhoofika. Mara nyingi upitishaji usio na ukinzani hujitokeza pale tu sumaku inapokaribia kushindwa.

Mwaka 1998 watafiti wa Cambridge, ile ya Uingereza, waliminya mchanganyiko wa seriamu, paladi na silikoni hadi karibu mara 28,000. Sumaku ikatoweka, na ukinzani nao ukatoweka.

Kuna njia ya pili: kubadilisha atomu. Tazama jedwali la elementi. Jerimaniamu iko chini ya silikoni katika kundi moja, na atomu yake ni kubwa zaidi. Ukiiweka mahali pa silikoni katika mchanganyiko wa Steglich, atomu husukumwa mbali, sumaku hupata nguvu, kana kwamba umepunguza shinikizo. Ukiminya tena, unarudi ulikotoka, lakini si sawasawa. Atomu ngeni zimetawanyika ovyo na kuvuruga mwendo wa elektroni. Vurugu hiyo ilikuwa na faida yake mwaka 2003: katika mchanganyiko wenye jerimaniamu, eneo la upitishaji bila ukinzani, lililodhaniwa kuwa moja pana, liligawanyika mawili, moja katika shinikizo dogo karibu na sumaku, jingine katika shinikizo kubwa zaidi ambako seriamu inakaribia kusinyaa.

Baadhi ya maabara za aina hiyo huminya sampuli kati ya vipande viwili vigumu vyenye nyuso bapa. Vinaitwa fuawe za Bridgman.