John Browning

John Moses Browning (Ogden, Utah, 23 Januari 1855 – Herstal, Ubelgiji, 26 Novemba 1926) alikuwa fundi na mbunifu wa bunduki kutoka nchini Marekani. Katika maisha yake alipata hataza 128. Anajulikana zaidi kwa silaha za kijeshi, lakini ndiye pia aliyewapa wawindaji bunduki nusu otomatiki zilizofanya kazi vizuri na kuuzwa kwa wingi.

Maisha ya awali

Baba yake, Jonathan Browning, alikuwa fundi bunduki na muumini wa Wamormoni aliyehamia Utah mwaka 1852. John alikulia katika karakana ya baba yake mjini Ogden. Akiwa bado mtoto alitengeneza bunduki yake ya kwanza kwa vyuma chakavu. Katika mazingira hayo bunduki ilikuwa chombo cha kila siku: familia nyingi zilitegemea mawindo kwa kitoweo, na bunduki iliyoharibika ililetwa kwa fundi ili itengenezwe.

Mwaka 1879 alimwoa Rachel Teresa Child. Mwaka huohuo baba yake alifariki, na John akapata hataza yake ya kwanza kwa bunduki ya risasi moja. Yeye na ndugu zake walianza kuitengeneza wenyewe katika karakana ndogo.

Kazi na Winchester

Mwaka 1883 kampuni ya Winchester ilinunua haki za bunduki hiyo kwa dola 8,000. Huo ulikuwa mwanzo wa ushirikiano wa miaka 19. Browning alibuni, kampuni ikanunua kwa malipo ya mara moja. Miongoni mwa kazi za kipindi hicho ni bunduki za wenzo za mwaka 1886, 1892 na 1894. Ile ya 1894 ilipendwa sana na wawindaji wa paa, na zaidi ya milioni 7 zilitengenezwa.

Kati ya 1887 na 1889 alisimamisha kazi ili kuhubiri dini yake katika jimbo la Georgia.

Ugunduzi wa bunduki inayojijaza

Mwaka 1889, akiwa kwenye shabaha, Browning aliona majani yakiyumba kila bunduki ilipopigwa. Yalisukumwa na gesi ya baruti iliyotoka mdomoni mwa mtutu. Alitambua kwamba nguvu hiyo ilikuwa ikipotea bure, na kwamba ingeweza kufanya kazi ya mkono wa mpigaji.

Kwanza aliitumia gesi katika bunduki ya rashasha iliyotengenezwa na kampuni ya Colt. Kwa bunduki za kuwindia alitumia njia nyingine, yaani kishindo cha kurudi nyuma. Risasi inapotoka, mtutu na komeo lake hurudi nyuma pamoja. Kisha mtutu hutangulia kwenda mbele, ganda tupu hutupwa nje, na komeo hufuata likisukuma risasi mpya ndani. Mpigaji anapaswa kuvuta kifyatulio kwa kila risasi, na kwa sababu hiyo bunduki huitwa nusu otomatiki.

Ugomvi juu ya mrabaha

Kwa njia hiyo alibuni bunduki ya marisawa iliyojulikana baadaye kama Auto-5, na kupata hataza yake mwaka 1900. Akijua thamani yake, hakutaka tena malipo ya mara moja. Aliomba mrabaha kwa kila bunduki itakayouzwa. Winchester ilikataa, na ushirikiano wao ukavunjika.

Januari 1902 alikwenda kuonana na Marcellus Hartley, rais wa kampuni ya Remington. Akiwa bado anasubiri kuingia, aliarifiwa kwamba Hartley amefariki kwa ugonjwa wa moyo. Browning alivuka bahari hadi Ubelgiji, ambako kampuni ya FN ya Herstal ilikubali masharti yake. Baadaye Remington nayo ilipewa leseni, ikaanza kuitengeneza Marekani mwaka 1905.

Bunduki zake na uchaguzi wa wawindaji

Mwaka 1906 Remington ilianza kuuza bunduki yake nusu otomatiki ya kuwindia wanyama wakubwa, ambayo baadaye iliitwa Model 8. Ilibeba risasi tano katika magazini isiyotoka, na mtutu wake ulifunikwa kwa bomba la chuma. Faida yake ilikuwa wazi: mwindaji aliyemjeruhi mnyama aliweza kupiga tena upesi bila kuondoa bunduki begani. Hasara zake zilikuwa uzito, bei, na sehemu nyingi za ndani zilizohitaji kusafishwa. Bunduki ya komeo la kuvuta kwa mkono ilikuwa rahisi zaidi kuitunza porini.

Mwaka 1914 FN ilianza kutengeneza bunduki yake ndogo ya kaliba .22. Ni nyepesi, risasi zake huhifadhiwa ndani ya kitako, na hugawanywa vipande viwili bila zana yoyote. Risasi ndogo za aina hiyo ni bei nafuu na mtu huweza kubeba nyingi, ila zinafaa kwa wanyama wadogo tu, kama sungura.

Si wote waliozipokea bunduki hizi. Watetezi wa wanyamapori walihofia kwamba zingemaliza mawindo. Jimbo la Pennsylvania lilizikataza katika uwindaji mwaka 1907, na lilianza kuziruhusu kwa wanyama wadogo miaka 110 baadaye. Mwaka 1935 serikali ya Marekani iliweka kikomo cha risasi tatu katika bunduki za kuwindia bata na ndege wengine wa majini.

Silaha za vita na kifo

Ubunifu huohuo ulitumika vitani. Bastola iliyomuua Franz Ferdinand mjini Sarajevo mwaka 1914 ilikuwa ya FN, iliyobuniwa na Browning. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi lake lilichukua bunduki zake za rashasha, na mwanawe Val alizitumia nchini Ufaransa.

Browning alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 26 Novemba 1926 akiwa kazini katika kiwanda cha Herstal. Alizikwa Ogden.

Urithi

Auto-5 iliendelea kutengenezwa hadi mwishoni mwa karne ya 20. Model 8 ilifuatiwa na Model 81 mwaka 1936, iliyodumu hadi 1950. Bunduki yake ndogo ya .22 ingali inauzwa kwa umbo karibu lilelile.