Hakimu Aliyeupatia Ushirika Sheria

Katika kuadhimisha mwaka wa kumi wa Chama chetu Kikuu, tumeona yafaa tumkumbuke mtu ambaye hakulima pamba wala kahawa, lakini matunda ya kazi yake twayaona katika kila daftari la chama cha msingi. Mtu huyo ni Hermann Schulze-Delitzsch, mwanasheria wa Ujerumani.

Alizaliwa tarehe 29 Agosti, 1808, katika mji mdogo wa Delitzsch. Jina la ukoo wake lilikuwa Schulze tu. Alipoingia katika Bunge la Prussia mwaka 1848 aliwakuta akina Schulze ni wengi, akaongeza jina la mji wake ili atambulike. Alisoma sheria katika vyuo vikuu vya Leipzig na Halle, na mwaka 1841 akawa hakimu kwao Delitzsch.

Mwaka 1846 mavuno yaliharibika, na hata mwaka uliofuata nafaka ilikuwa ghali mno. Hakimu huyu hakuketi barazani kuwangoja wenye njaa waletwe mbele yake kwa kosa la kuiba mkate. Aliwakusanya watu wenye uwezo wakatoa michango; nafaka ikanunuliwa, kinu na tanuri vikakodiwa, na maskini wakapata chakula. Wema huo ulimpatia heshima kubwa. Hata hivyo yeye mwenyewe aliuona upungufu wake: sadaka huisha, na aliyesaidiwa leo hurudi kesho akiwa maskini vilevile.

Akawatazama mafundi wa mji wake. Seremala alinunua mbao kidogo kidogo, na fundi viatu alinunua ngozi kwa mkopo, kila mmoja peke yake na kwa bei ya juu. Mwaka 1849 aliwasaidia kuungana ili wanunue pamoja, na mwaka 1850 akaanzisha chama cha kukopeshana fedha. Mwanzoni chama hicho kilitegemea kwa kiasi fulani fedha za matajiri wenye huruma. Lakini wenzao wa Eilenburg, mji wa jirani, walionyesha kwamba wanachama waweza kudhaminiana wote kwa pamoja, pasipo mfadhili. Schulze hakuona haya kujifunza kwao. Mwaka 1852 akakitengeneza upya chama cha Delitzsch kwa mfano huo.

Uadilifu wake ulimgharimu. Kwa kuwa alikuwa miongoni mwa wabunge waliopinga serikali kutoza kodi bila idhini ya Bunge, alishtakiwa. Mwaka 1850 mahakama ilimwachilia, lakini akapelekwa kufanya kazi mbali na kwao, katika mji wa Wreschen. Mwaka 1851 aliacha ujaji, akarudi Delitzsch, na tangu hapo akajitoa kwa ushirika. Wafuasi wake walipomchangia fedha kwa shukrani, alitwaa sehemu ndogo kwa matumizi yake, na nyingine akaiweka kwa manufaa ya umma.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa ya kisheria. Siku zile chama cha ushirika hakikutambuliwa na sheria kuwa na nafsi yake. Hakikuweza kumshtaki mdaiwa kwa jina lake, wala kuandikisha mali kwa jina lake. Schulze alitunga muswada na kuutetea Bungeni, na mwaka 1867 sheria ya vyama vya ushirika ikapita huko Prussia. Mwaka 1868 ikaenea katika Shirikisho la Ujerumani ya Kaskazini.

Haitupasi kuficha kwamba sisi wakulima hatukuwa wa kwanza katika mawazo yake. Mikopo ya vyama vyake ilikuwa ya muda mfupi, ikimfaa fundi anayeuza kazi yake kila wiki. Mkulima hungoja msimu. Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyeanzisha vyama vya vijijini, alitaka mikopo ya muda mrefu, na wawili hao walibishana sana juu ya jambo hilo. Schulze aliogopa kukopesha kwa miaka mingi fedha ambazo wenye akiba waweza kuzidai wakati wowote. Kila mmoja alikuwa na haki yake, na kamati zetu za mikopo zingali zikilipima shauri hilo hata leo.

Alifariki dunia huko Potsdam tarehe 29 Aprili, 1883, akiacha vyama kwa maelfu. Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza ushirika katika orodha ya urithi wa wanadamu, kwa ombi la Ujerumani.

Ndugu wanachama, jambo alilolishikilia marehemu ni kwamba chama ni cha wenyewe. Nchini Tanzania twalijua kwa uchungu. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa kwa amri ya serikali, na wakulima hawakuvirudishiwa ila kwa sheria ya mwaka 1982. Sheria iliyotuondolea ndiyo iliyoturudishia; basi haitoshi peke yake. Yataka mwanachama anayehudhuria mkutano mkuu, anayeuliza habari za hesabu, na anayelipa deni lake kwa wakati. Tena yataka kiongozi asiyekasirika anapoulizwa. Tukiyatenda hayo katika miaka kumi ijayo, tutakuwa tumemkumbuka hakimu wa Delitzsch kama apasavyo kukumbukwa.