Louis wa 13: Mfalme aliyepata upara ujanani, wigi lake likafika hadi Dodoma

KATIKA miaka ya karibuni, kila ifikapo mwanzoni mwa Februari, wakazi wa Dodoma wamekuwa wakiwashuhudia majaji wakiadhimisha Siku ya Sheria katika mji wao, wakiwa wamevaa majoho mekundu na mawigi meupe vichwani.

Jua la Dodoma ni kali na upepo wake ni mkavu. Anayetazama kwa mbali anaweza kujiuliza kwa nini mtu mzima, tena mwenye heshima zake, ajitwishe nywele za bandia kichwani katika joto lile.

Jibu la swali hilo linaanzia Ufaransa, katika karne ya 17, kwa kijana mmoja ambaye nywele zake zilianza kunyonyoka akiwa hajafikisha umri wa miaka 25. Kijana huyo alikuwa mfalme, na historia inamtambua kwa jina la Louis wa 13.

Upara si ugonjwa wa kuua, lakini kwa kijana unaweza kuwa mzigo mzito. Wapo wanaoshinda na kofia mchana kutwa, wanaokwepa kupigwa picha na wanaonunua kila dawa inayotembezwa mitaani. Louis alikuwa na majeshi na hazina ya nchi mikononi mwake, lakini hakuweza kuziamuru nywele zake zibaki kichwani.

Utoto wa viboko na kigugumizi

Louis alizaliwa Septemba 27, 1601 katika kasri ya Fontainebleau, nje ya Paris. Baba yake alikuwa Mfalme Henri wa 4 na mama yake Marie de' Medici, binti wa ukoo mashuhuri wa Florence, nchini Italia.

Maisha yake ya utotoni yanafahamika kwa undani wa kushangaza. Daktari wake, Jean Héroard, aliweka kumbukumbu za kila siku tangu mtoto alipozaliwa hadi daktari huyo alipofariki dunia mwaka 1628. Aliandika alichokula mtoto, alivyolala, alivyocheza na siku alizochapwa.

Naam, mtoto wa mfalme alichapwa viboko. Baba yake aliamini kwamba ukaidi hauondoki ila kwa fimbo, na aliagiza hivyo kwa walezi. Aidha, Louis alikuwa na kigugumizi, kasoro iliyomfanya awe mtu wa maneno machache hadi siku yake ya mwisho.

Mei 14, 1610, Henri wa 4 aliuawa kwa kuchomwa kisu akiwa ndani ya gari lake la farasi katika mtaa mwembamba jijini Paris. Louis, akiwa na umri wa miaka minane, akawa mfalme. Mama yake akashika madaraka kwa niaba yake.

Marie hakuwa na haraka ya kuyaachia madaraka hayo. Alimpandisha cheo Concino Concini, Mwitaliano mwenzake, hadi akawa na nguvu kuliko wakuu wa Ufaransa. Mfalme mtoto aliachwa na ndege wake wa kuwindia na kazi zake za mikono, huku wengi wakimwona kuwa bwege.

Walikosea. Aprili 24, 1617, kwa idhini ya Louis aliyekuwa na miaka 15, Concini alipigwa risasi na kuuawa kwenye lango la kasri ya Louvre. Marie alipelekwa Blois, mbali na Paris, na kijana yule mwenye kigugumizi akaanza kutawala.

Nywele na enzi

Ili kuelewa uzito wa yaliyomkuta baadaye, ni vema kukumbuka nywele zilikuwa na maana gani kwa Wafaransa wa zama hizo.

Wafalme wa kwanza wa nchi hiyo, wa ukoo wa Merovingi, walitambulika kwa nywele ndefu. Wa mwisho wao, Childeric wa 3, alipoondolewa madarakani katika karne ya 8, alinyolewa kwanza na ndipo akapelekwa kuishi na watawa. Kunyolewa kulikuwa sawa na kuvuliwa ufalme.

Karne nyingi baadaye, wakati wa Louis, mwanamume wa tabaka la juu alipaswa kuwa na nywele zinazofika mabegani. Zilikuwa ishara ya ujana, afya na nguvu za kiume.

Fikra hiyo haikuwa ya Ulaya peke yake. Richard Burton, msafiri wa Kiingereza aliyeivuka Ugogo mwaka 1857, aliandika jinsi Wagogo walivyosokota nywele zao kwa ustadi na kuzipaka udongo mwekundu. Vijana wa nyanda za kati za Tanzania walijua, kama walivyojua wa Paris, kwamba kichwa cha mtu husomwa kabla hajafungua kinywa.

Hata Julius Caesar wa Roma hakusalimika na aibu hiyo. Waandishi wa kale wanasimulia kwamba alizichana nywele zake kuelekea mbele ili kufunika upara, na kwamba miongoni mwa heshima zote alizotunukiwa, aliipenda zaidi haki ya kuvaa taji la majani wakati wote.

Wigi la mwaka 1624

Kwa Louis, nywele zilianza kupungua alipokuwa katika miaka ya mwanzo ya ishirini. Mwaka 1624, akiwa na umri wa karibu miaka 23, alianza kuvaa wigi.

Wakati huo ulikuwa mbaya kwake kwa kila hali. Alikuwa amemuoa Anne wa Austria, binti wa mfalme wa Hispania, tangu mwaka 1615, wote wawili wakiwa na miaka 14. Miaka tisa ilikuwa imepita bila mtoto, na mimba zilikuwa zimeharibika.

Maadamu hakukuwa na mtoto, mrithi wa kiti alikuwa mdogo wake, Gaston, kijana mchangamfu, msemaji na kipenzi cha watu wa kasri. Kila aliyechukizwa na mfalme alikimbilia kwa Gaston.

Hivyo mfalme asiyesema vizuri, asiye na mtoto na ambaye nywele zilikuwa zinamtoka, alikuwa akitazamwa kila asubuhi na watu waliokuwa wakipima kama anafaa. Wigi lile lilikuwa ngao.

Halikuwa jeupe kama ya majaji wa leo. Lilitengenezwa kufanana na nywele halisi, lengo likiwa mtazamaji asitambue. Mawigi yalikuwepo tangu enzi za Misri ya kale, lakini mwanamume kuvaa wigi hadharani lilikuwa jambo la kuonewa haya.

Wakuu wa kasri walipoona mfalme amevaa, nao wakaanza kuvaa, hata wale waliokuwa na nywele tele. Kasoro aliyotaka kuificha mtu mmoja ikageuka fasheni ya watu wengi.

Mfalme kinyozi

Louis hakuwa mtu wa anasa. Alipenda kazi za mikono kuliko karamu. Alifua chuma, alitengeneza na kukusanya bunduki, alipika, alitunga muziki, na mwaka 1635 ilichezwa ngoma ya kasri ambayo yeye mwenyewe alitunga muziki wake.

Inasimuliwa pia kwamba alijifunza unyozi, na kwamba siku moja aliwakalisha maofisa wake na kuwanyoa ndevu zote, akiwaachia kishungi kidogo tu chini ya mdomo. Mtindo huo nao ulienea kasri nzima.

Msomaji anaweza kucheka, lakini kuna jambo la kutafakari katika mkasa huo. Mtu ambaye hakuweza kufanya lolote kuhusu kichwa chake mwenyewe, alishika wembe na kuamua nyuso za wengine ziweje.

Vita, njaa na njama

Mwaka huohuo wa 1624 alioanza kuvaa wigi, Louis alimwingiza katika baraza lake Kardinali Richelieu. Kwa miaka 18 wawili hao waliijenga serikali kuu yenye nguvu, lakini kwa gharama kubwa.

Mji wa bandari wa La Rochelle, ngome ya Waprotestanti, ulizingirwa mwaka 1627. Mfalme mwenyewe alikuwepo uwanja wa mapambano. Mji ulipojisalimisha Oktoba 1628, kati ya watu wapatao 27,000, takribani 5,000 tu ndio waliokuwa hai. Wengi walikufa kwa njaa.

Novemba 1630 mama yake alimtaka amfukuze Richelieu. Watu wa kasri waliamini kardinali amekwisha na wakaanza kumpongeza Marie. Kesho yake Louis alimchagua waziri wake dhidi ya mama yake mzazi, na Wafaransa wakaiita siku hiyo Siku ya Waliodanganyika. Marie alikimbia nchi mwaka 1631 na kufia ugenini, Cologne, mwaka 1642.

Mwaka 1635 Ufaransa iliingia vitani rasmi dhidi ya Hispania. Kodi zilipanda na wakulima wakaasi katika majimbo kadhaa. Wananchi walimhukumu mfalme kwa mkate na kodi. Kilichokuwa chini ya wigi hakikuwahusu.

Septemba 5, 1638, baada ya miaka 23 ya ndoa, Anne alijifungua mtoto wa kiume, na miaka miwili baadaye wa pili. Tumaini la Gaston la kurithi kiti likaishia hapo.

Louis wa 13 alifariki dunia Mei 14, 1643, akiwa na umri wa miaka 41, tarehe ileile aliyouawa baba yake miaka 33 nyuma. Mwili wake ulikuwa umedhoofishwa na maradhi ya tumbo na yanayodhaniwa kuwa kifua kikuu.

Kutoka Paris hadi Dodoma

Wigi halikuzikwa naye. Mwanawe, Louis wa 14, naye alipungukiwa na nywele akiwa bado kijana, na chini yake wigi likawa vazi rasmi la kasri. Mwaka 1673 watengenezaji wa mawigi wa Paris walipata chama chao cha kisheria.

Dada yake Louis wa 13, Henrietta Maria, alikuwa ameolewa na mfalme wa Uingereza. Mtoto wa dada huyo, Charles wa 2, aliishi uhamishoni Ufaransa kwa miaka kadhaa kabla ya kurejeshwa kwenye kiti chake mwaka 1660. Ni katika utawala wa mpwa huyo ndipo wigi lilipoota mizizi London.

Majaji wa Uingereza mwanzoni walisita, lakini kufikia miaka ya 1680 walikuwa wamelikubali. Watu wa kawaida waliliacha mwishoni mwa karne ya 18, hasa baada ya serikali kutoza kodi ya unga wa nywele mwaka 1795. Mahakama hazikuliacha. Mwaka 1822 fundi wa London, Humphrey Ravenscroft, alipata hataza ya wigi la manyoya ya farasi lisilohitaji kupakwa unga, na huo ndio mtindo unaovaliwa hadi leo.

Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walianzisha Mahakama Kuu mwaka 1920 kwa taratibu zao na mavazi yao. Uhuru ulipatikana mwaka 1961, uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ukafikiwa mwaka 1973, na mwaka 2025 jengo la makao makuu ya Mahakama likazinduliwa mjini humo. Wigi likafika pamoja na majoho.

Kisichofunikika

Sayansi ya leo ingemweleza Louis mambo ambayo Héroard hakuyajua. Upara wa kawaida wa wanaume hutokana zaidi na urithi, kutoka upande wa baba na wa mama pia. Homoni ya kiume huvisinyaza vishimo vya nywele kidogo kidogo, na kwa baadhi ya watu kazi hiyo huanza mara tu baada ya kubalehe.

Zipo dawa mbili zinazotumika zaidi. Minoxidil, ambayo awali ilitumika kushusha shinikizo la damu, iliidhinishwa nchini Marekani kwa ajili ya nywele mwaka 1988, na finasteride mwaka 1997. Zote huwasaidia baadhi ya watu, na zikiachwa nywele huendelea kupungua. Nywele zinazotoka kwa mabaka, zenye muwasho au magamba, huenda zinatokana na fangasi au maradhi mengine, na mwenye nazo anapaswa kumwona daktari badala ya muuza dawa wa barabarani.

Kwa kijana wa Majengo au Nkuhungu, kwa kawaida njia ni fupi zaidi. Huingia kwa kinyozi, huketi kitini, na hutoka na kichwa kinachong'aa kwa bei isiyofika mbali. Hakuna anayegeuka kumtazama, kwa sababu katika mji huo wenye nywele na wasio nazo hunyoa vilevile.

Louis hakuipata nafuu hiyo. Alizaliwa mahali ambapo kichwa kitupu kilimaanisha mtu asiyefaa, akakifunika, na kasri nzima ikafunika vichwa pamoja naye. Hata hivyo, alipokufa, Ufaransa haikuuliza alikuwa na nywele ngapi. Ilihesabu miji aliyoiteka, watu waliokufa kwa njaa, kodi alizotoza na mtoto aliyemwachia kiti akiwa na umri wa miaka minne.

Na wigi alilolivaa kwa aibu akiwa na miaka 23 ndilo wanaloapishwa nalo leo majaji wa Tanzania, wakiwa wamesimama wima, kama alama ya heshima.